Mgeni, Mwaka wa Sita

Mji huu umeng'oa karibu taa zake zote za barabarani
ukapanda vipilefti.
Ukienda kwa daktari wa meno unazunguka,
ukienda kununua mkate unazunguka,
na katikati ya kila duara maua yamepangwa kwa rula,
hayana hata nyuki mmoja mlevi.
Lamont husema: tazama, hakuna foleni.
Kweli, hakuna.
Hakuna pia mahali pa kusimama
ukamwangalia mtu wa gari la pembeni
akijikuna pua, akakuona, mkacheka.

Nilizaliwa Gary, saa mbili na nusu kaskazini,
ambako theluji ilianguka nyeupe
ikafika chini imekwisha vaa ovaroli.
Baba yangu, Odell, aliyeyusha chuma zamu ya usiku.
Alirudi alfajiri na harufu ya salfa shingoni
na mama akamfokea mlangoni: vua viatu, Odell!
na madirishani mtaa mzima ukaitikia:
vua, Odell!

Hapa nimeletewa barua.
Bahasha nzuri, karatasi nzito, lugha ya heshima:
kamati ya mtaa imeona kwamba mlango wako ni mwekundu.
Rangi zinazoruhusiwa ni tatu,
zote ndugu wa majivu.
Nyumba njema si mlango, walisema waliosema;
kamati haijapata habari.
Nikaupaka. Lamont akashika ngazi.
Usiku ule nilinusa rangi mbichi kitandani
kama mtu aliyelala ndani ya duka la samani
na mwenye duka amefunga, amekwenda zake.

Si kwamba watu ni wabaya.
Gretchen wa namba kumi na nne alituletea keki ya limau
siku ile ile tuliyoshusha mizigo,
na sahani, akasema, msihangaike kurudisha.
Nimeifikiria sahani ile miaka sita.
Kwetu sahani hurudi, wala hairudi tupu.
Sahani isiyorudi
ni mlango unaofungwa taratibu, kwa adabu, bila kelele.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hapa hakuna anayegawa jembe.
Majani hukatwa Alhamisi na vijana wa Efraín,
wanaokuja na lori na kuondoka kabla ya saa tisa.
Nilimuuliza Efraín anaishi wapi.
Akaonyesha mbali, kwa kidevu,
nami nilitaka kumwambia: hata mimi.
Nikanyamaza.
Ufunguo wa nyumba ulikuwa mkononi mwangu.

Binti yetu Simone hana shida hii. Ana miaka tisa.
Tukitoka Gary kutazama kiwanja cha babu yake,
ngazi tatu za saruji zinazopanda kwenda hewani,
yeye hulala kiti cha nyuma,
na kipilefti cha kwanza kikimzungusha tu
anafumbua jicho: tumefika nyumbani.
Mwili wake unajua.
Wangu unashikilia mkanda.

Jana, madukani, nilimsalimu mzee aliyeketi benchini na gazeti.
Kimya.
Nikarudia, kwa sauti ya Gary.
Kumbe shaba.
Wamesimamisha sanamu za watu wa kawaida
wakifanya mambo ya kawaida,
maana wa kawaida wenyewe wako ndani.
Nilicheka peke yangu, kisha sikucheka.
Theluji ilikuwa imemjaa mapajani,
nyeupe, theluji isiyowahi kufanya kazi.
Nikavua glavu nikampangusa:
bega, gazeti, goti.
Gari likapunguza mwendo, mama mmoja akashusha kioo,
akaniuliza kama niko salama.
Nikasema ndiyo. Hakuondoka.
Nyuma yake likasimama jingine, na jingine,
foleni, Mungu wangu, ya magari manne.

Nikahamia goti la pili.